Yah: Taarifa ya Maandamano ya Mnyama Asiye na Miguu

Kwa Mheshimiwa Afisa Mpokea Taarifa za Maandamano,
Popote ulipo, Mkoa wa Mtwara.

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni kikundi cha wacheza ngoma wa hapa Nanyamba. Hatujasajiliwa, kwa hiyo kisheria hatupo, ila jioni tukipiga ngoma watoto wanatusikia mpaka mashambani. Tunakuandikia kwa heshima na taadhima kukutaarifu kwamba tunakusudia kuandamana, na tunakusihi usinyanyue simu kabla hujafika aya ya mwisho.

Sheria ya Jeshi la Polisi inataka taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Ni sharti zuri. Tulichojiuliza ni kwa nini wanaovua kwa baruti hawakuwahi kuletewa fomu hiyo. Mwaka 2015 watafiti walipita na chombo kando ya pwani ya Tanzania kwa takribani mwezi mmoja, wakisikiliza chini ya maji, wakanasa milipuko 318. Mingi ilitokea jirani na Dar es Salaam, kwa hiyo usije ukasema ni sisi watu wa Kusini. Hata mmoja haukutaja mahali, muda wala madhumuni. Baadaye kikosi kazi cha taasisi mbalimbali kiliundwa na milipuko ikapungua sana. Kwa hilo tunatoa pongezi, na hizi si za kejeli.

Sasa madhumuni. Mwanzoni tulitaka kuandamana kwa ajili ya sili wa Namibia. Kijana wetu mmoja alikuwa amesoma kwamba kule, kuanzia Julai hadi Novemba kila mwaka, watoto wa sili hupigwa marungu ufukweni kwa ajili ya manyoya, na madume hupigwa risasi kwa ajili ya viungo ambavyo sitavitaja kwenye barua ya serikali. Akatuonyesha picha za Wazungu waliojimwagia rangi nyekundu na kulala kwenye viwanja vya miji yao, na akatueleza kwamba Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku biashara ya bidhaa za sili mwaka 2009. Tulilipokea wazo hilo kwa mikono miwili. Namibia ni mwenzetu wa SADC, tena iko mbali. Kumtetea mnyama aliye mbali ni jambo salama mno, Mheshimiwa: hakuna diwani anayekasirika.

Akatuharibia bibi mmoja anayeuza ng'onda. Alisikiliza mpaka mwisho, akafukuza nzi, akauliza, "Huyo sili ni mtu wenu? Na nguva je?"

Hapo tukakosa la kusema.

Naomba nikutahadharishe mapema, maana ofisi inaweza kuelewa vibaya. Nguva huyu siye yule mwanamke wa kwenye hadithi mwenye nywele ndefu na kitana. Ni mnyama mwenye ndevu fupi mdomoni, urefu wake kama mita tatu, uzito unaofika kilo 400, anayekula nyasi za baharini na kunyonyesha. Mzee mmoja wa kikundi, aliyezoea viboko wa Ruvuma, alisema basi huyo ni kiboko aliyekatwa miguu. Wataalamu wanasema hapana, ukoo wake uko karibu zaidi na tembo. Na hapa ndipo tulipouona udhaifu wa nguva katika kuchagua ndugu. Tembo kapewa noti ya shilingi elfu kumi. Simba ana ya elfu mbili. Faru kapewa noti ya elfu tano, na juu yake sarafu ya hamsini, kama kigogo mwenye vyeo viwili. Nguva hakupata hata sarafu.

Alichopata ni karatasi. Sheria inamlinda, na tangu mwaka 2000 tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650, ya pili kwa umri baada ya ile ya Mafia. Ndani ya hifadhi hiyohiyo vimo visima vya gesi vya Msimbati, na gesi hatuna wasiwasi nayo: tangu igunduliwe mwaka 1982 haijawahi kupotea hata siku moja. Ina mita, ina bomba hadi Dar es Salaam, ina wageni wenye kofia ngumu. Korosho nazo vivyo hivyo. Novemba 2018 bei ilipovurugika, serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kubeba magunia. Hatuombi jeshi, Mheshimiwa, usinielewe vibaya. Tunaona tu kwamba kitu kikiwa na bei, dola hujua kilipo mpaka gunia la mwisho. Nguva angekuwa anauzwa kwa stakabadhi ghalani, leo tungekuwa na idadi yake na makato yake. Bahati mbaya, akinaswa huondoka kwa kangomba, yaani kwa magendo.

Wala hakuna anayemchukia. Alikuwa na binamu yake aliyeishi kwenye bahari ya baridi kule Urusi, mkubwa kumpita mara nyingi; wataalamu walimjua kwa mara ya kwanza mwaka 1741, na ilipofika 1768 alikuwa ameshakwisha. Miaka 27 tu. Waliommaliza walikuwa mabaharia waliokwenda kutafuta ngozi za wanyama wengine, sili wakiwemo. Yeye alikuwa mboga ya njiani. Na wa kwetu ni mboga ya njiani pia. Jarife hutegwa kwa ajili ya papa na taa, yeye akapita kwa shughuli zake akajizungusha humo. Anavuta hewa kama mimi na wewe, kila baada ya dakika chache lazima apande juu. Jarife halimruhusu. Hakuna mlipuko, hakuna moshi, hakuna wa kupiga simu kituoni. Asubuhi mvuvi anakuta kilo 400 za nyama ambayo hakuitafuta, na nyumbani kuna watoto. Mvuvi huyo hatutamwandamania.

Kwa hiyo mpango wetu ni huu. Nguva tumeshamtengeneza: mbavu za mianzi, ngozi ya mifuko mitupu ya salfa ya mikorosho iliyoshonwa kwa kamba za katani. Kichwa kimechongwa kwa mti mwepesi kama kinyago cha lipiko, na mchongaji amekataa kumwekea tabasamu ingawa tulimwomba. Tutatoka ghala la korosho baada ya swala ya alasiri, tutapita sokoni, tutaishia stendi.

Washiriki hatutafika 250. Wala hatuogopi umati. Ni kwamba mwaka 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza nguva wa pwani yote ya Afrika Mashariki kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wakikadiria waliokomaa kuwa chini ya 250. Pwani yote, Mheshimiwa. Hao wanaenea kwenye uwanja wa shule ya msingi na nafasi ya mbuzi ikabaki. Tunataka watu wa Nanyamba waione hesabu hiyo ikitembea kwa miguu.

Kila ngoma ikilia mara moja, wanne wetu watatandaza jarife kuukuu na mwandamanaji mmoja atalala chini yake. Hatainuka. Mtu mpya anaruhusiwa kujiunga, ila kwa utaratibu wa nguva mwenyewe: mimba ya zaidi ya mwaka, mtoto mmoja, kisha mapumziko ya miaka mitatu hadi saba. Kwa makadirio yetu anazaa kwa kasi ya uchaguzi mkuu, tofauti ni kwamba yeye huwa hatoi ahadi. Mpaka tufike stendi tunatarajia asimame mtoto mmoja tu, ameshika mkia.

Tunajua neno maandamano likitamkwa mkoani humu linakumbusha Januari na Mei 2013, na bomba lile la gesi, na vilio vilivyofuata. Hatulitamki kwa mzaha. Ndiyo maana hatutabeba mawe, wala bango lenye jina la mtu. Ukitaka kutuma askari, watume, tena ukiweza walete wenye pumzi ndefu, maana kubana pumzi chini ya jarife ni kazi na vijana wetu wanachoka haraka.

Ukiona maandamano haya yana hatari kwa usalama, tunaomba utujibu kwa maandishi ukitaja hatari yenyewe. Jibu hilo tutalibandika tumboni mwa nguva.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wacheza ngoma wa Nanyamba (ambao kisheria hawapo)

Nakala:
Bibi muuza ng'onda, sokoni: kwa taarifa.
Nguva, kwenye nyasi za baharini, Ghuba ya Mnazi: kwa taarifa, akipatikana.