Namna ya Kumwambia Jirani "Utajua Hujui"

Kwanza tafuta uwanja. Tishio linalotamkwa chumbani, mlango ukiwa umefungwa, halina faida kwa yeyote. Katika ploti za Umoja au Kayole, Nairobi, pa kusemea ni kando ya mfereji wa pamoja siku maji yanaporudi baada ya mgao, mitungi ya lita 20 imepanga foleni, na mtu mmoja kausogeza wake mbele kimyakimya.

Weka mtungi wako chini. Mikono iwe mitupu, maana ukishika kandambili umeshaharibu. Mwite mwenzako kwa jina la mtoto wake na umwambie arudi nyuma. Asipotii, vuta pumzi, useme: "Leo utajua hujui!" Mara moja tu, lakini hadi ghorofa ya nne wasikie. Kisha ngoja. Keateka, mwangalizi wa ploti, atatoka akiuliza kuna nini. Mama wa chumba cha kwanza atawashika mikono nyote wawili. Mtungi utarudishwa, naye mwenye mtungi huo atalalamika mpaka jioni. Maneno haya hutangulia ngumi ili watu wapate nafasi ya kuizuia; ndiyo maana nayapenda.

Hata kwenye soka, Gor Mahia ikikutana na AFC Leopards, tishio la "kitaumana" ni ruhusa tangu asubuhi. Mechi yenyewe inaitwa ya Mashemeji, na unayemtishia huenda ndiye utakayekula naye usiku.

Ila chunga sana herufi za mwanzo. "Utajua hujui" ina mtu mmoja ndani yake, mwenye jina na zamu yake mferejini. "Watajua hawajui" haina mtu, ina kundi. Aprili 2022, uchaguzi wa Agosti ukikaribia, Tume ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa iliitia katika orodha yake ya maneno ya chuki. Wapo waliocheka. Mimi niliona tume imefanya sawa: mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu wa mitaa ya Mathare na Huruma walifukuzwa katika nyumba zao kwa sababu ya kabila, na hapakuwa na keateka wa kuuliza kuna nini.

Kwa hivyo mwanasiasa akitamka "watajua hawajui" juu ya gari la vipaza sauti, usipige makofi. Muulize palepale, kwa sauti ya mferejini: akina nani hao? Akianza kutaja kabila, toa simu urekodi.