61,741,120: Namba Iliyotangazwa Dodoma na Vituko Vyake Sita

Tarehe 31 Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza Dodoma matokeo ya sensa: watu 61,741,120. Wachumi wakaibeba namba hiyo kwenye mipango, wanasiasa kwenye majukwaa. Sisi wapenda hesabu tukaanza kuichokonoa. Tuanzie chini.

6. Ni shufwa. Simba wachukue 30,870,560, Yanga nao vivyo hivyo. Wakimaliza kugawana, watagombana tena nani ana mashabiki wengi.

5. Jumlisha tarakimu zake: 22. Sensa ya 2022! Ni bahati tu, lakini mganga asisikie.

4. Si mraba kamili. Tupange wote gwaride kwenye tambarare za Bahi, hapa kwetu Dodoma, mistari 7,857 ya watu 7,857. Wanabaki 8,671 pembeni, vumbini. Wapewe zabibu.

3. Igawe sawa kwa mikoa 31. Kila mkoa unapata 1,991,649 na anabaki mtu mmoja. Mmoja tu, katika milioni sitini na moja na ushee! Dodoma ilihesabiwa watu 3,085,625, kwa hiyo mgawo huu utatunyang'anya zaidi ya milioni moja. Basi yule aliyebaki ni wetu, hatutaki mjadala. (Namba ya Dodoma nayo ina maringo: ni 5 × 5 × 5 × 5 × 4,937, na hiyo ya mwisho ni tasa.)

2. Ivunjevunje namba ya taifa upate namba tasa tupu: 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641. Vigawo vyake vyote ni 112. Ila kwenye hiyo 641 simama kidogo, ina historia. Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, aliamini kwamba 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641, hoja ikafa palepale. Mzee mzima aliangushwa na kigawo cha Watanzania.

1. Tazama tarakimu nne za mwanzo: 6174. Mwaka 1949 D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko India, aligundua ajabu yake. Chukua namba ya tarakimu nne, zisiwe zote sawa. Zipange kuanzia kubwa, kisha kuanzia ndogo, utoe. Rudia. Utaishia 6174, na ukifika hapo hutoki: 7641 − 1467 = 6174.

Jaribu 1973, mwaka ulioamuliwa Dodoma iwe makao makuu: 9731 − 1379 = 8352, halafu 8532 − 2358 = 6174. Hatua mbili! Mwaka wa sensa, 2022, unahitaji nne.

Sasa chukua kalamu, weka mwaka wako wa kuzaliwa. Ukipita hatua saba hujafika, rudia kutoa: umekosea mahali.