Blanketi la Bibi

Mwezi wa saba Mbeya haina huruma. Asubuhi tuliyoondoka kwenda Iringa kumlipia shemeji mahari, maji ya ndooni yalikuwa yanauma vidole, na mume wangu amesimama mbele ya kioo akilalamika kwamba mafuta ya udi aliyoletewa na dada yake kutoka Unguja hayanukii.

Yalikuwa yananukia, ila baridi ilikuwa imeyalaza. Marashi mepesi ya ndimu huruka hata kwenye ubaridi, lakini udi, miski na ambari ni vitu vizito. Vinataka ngozi yenye joto ndipo viamke. Wifi alishamwelekeza tangu jana yake: tone moja nyuma ya sikio, jingine kwenye kifundo cha mkono, usisugue, vaa nguo, subiri. Baba watoto hakusubiri. Alipaka shingoni, akanusa, akapaka kifuani, kisha akakipitisha kile kijiti cha kioo kwenye kola yote ya koti lake la sufu. Jua lilipotoka tukiwa Uyole akalivua koti, akalikunja vizuri, akalisokomeza kwenye begi lenye blanketi jipya la bibi yake bibi harusi.

Barabara ya Iringa huteremka kwanza. Ukishaipita Igurusi unaingia bonde la Usangu, kwenye mashamba ya mpunga na joto lake. Tulipofika Chimala basi zima lilikuwa linanukia udi. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akauliza nani anatoka harusini. Makambako, kwenye upepo ule, harufu ikanywea kabisa, mume wangu akadhani mafuta yameisha nguvu.

Mimi harufu hii naipenda mno. Udi wenyewe ni kazi ya jeraha: mti wa huko Asia huingiwa na kuvu, nao hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi unaokolea ndani ya mbao kwa miaka. Lakini ule ukali unaopasha pua joto, kwenye chupa ya wifi, ulikuwa wa karafuu, na karafuu ni yetu. Pemba hata makonyo yake hayatupwi, hukamuliwa mafuta kwa mvuke. Yves Saint Laurent alipotoa Opium mwaka 1977, manukato yaliyotikisa Ulaya, karafuu ilikuwamo. Bibi zetu wa pwani walikuwa wakiisaga kwenye vikuba na liwa kabla hata jina la Saint Laurent halijajulikana.

Kihesa, Iringa, tulipofungua begi, shangazi tuliyefikia kwake alishika kichwa. Blanketi la mahari lazima liwe jipya, na hili lilinukia mwili wa mtu. Wangesema tumewapelekea tulilolalia. Tukalianika kambani. Kosa! Jua la mchana likauamsha udi upya, majirani wakaanza kuchungulia. Shangazi akataka tulifue. Nikakataa, maana blanketi likishaloa sufu hukunjamana, na hapo hata risiti isingetuokoa. Tukalikunja, tukalifunga kwa kitenge, mshenga wetu akaenda nalo moyo ukimdunda.

Ukumbini kwa kina bibi harusi, zilipokwisha salamu za kamwene na pole za safari, wakahesabu fedha, wakaridhika na mbuzi, ikaja zamu ya blanketi. Bibi alilifungua mwenyewe. Akalisogeza puani, akakaa nalo hapo. Wazee wakanyamaza, mshenga akaanza kujieleza habari za begi na koti, akaambiwa atulie.

“Hili limevaliwa?” bibi akauliza.

“Halijavaliwa, bibi. Limesafiri na koti la kaka yake bwana harusi.”

Akalijifunika mabegani, akalivuta mpaka kidevuni. Kwenye joto la mwili wake na la chumba kile kilichojaa watu, udi ukafunguka taratibu, safari hii kwa kiasi chake: karafuu kwanza, kisha ule utamu wa ambari chini yake. Mume wangu, aliyekuwa ameinamisha kichwa, akainua macho.

Bibi akatangaza faini. Kuleta blanketi lenye harufu bila kuleta chupa yake ni dharau. Karani akaandika kwenye daftari, chini ya mbuzi na jembe: chupa moja ya mafuta ya udi, yale yale, iletwe kabla ya harusi. Mshenga akatoka nje haraka kumpigia wifi simu.