Afadhali Kinyozi

Landilodi wangu wa zamani anashikilia kwamba hakunifukuza. Ati alimtuma fundi aje kuutazama mlango, fundi akaondoka nao. Kwamba mwezi huo kodi ilikuwa imechelewa siku chache, hiyo ni sadfa.

Haya, nikahama. Anayedhani kuhama humaliza maneno hajawahi kudai dipoziti Nairobi. Yangu ilikuwa 14,000, sawa na kodi ya mwezi. Nikaletewa karatasi: rangi ya kuta, rangi ya dari, kitasa, koki ya jikoni na, wallahi, ufundi wa kurudisha mlango. Kupiga hesabu, mimi ndiye ninayedaiwa 300! Na hiyo rangi naijua. Ni maji yaliyoonyeshwa kopo. Mgeni akiegemea ukuta, anarudi kwake na nusu ya ukuta mgongoni.

Jirani mmoja aliyesomea sheria akanituliza. Kuna baraza la kodi za nyumba, akasema, na mpangaji wa nyumba inayolindwa hatolewi bila amri yake. Nilikuwa nishavaa viatu aliponiuliza nilikuwa nalipa ngapi. Kumbe Sura ya 296 inalinda nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mtaani kwetu kwa 2,500 unapata mahali pa kuegesha pikipiki, tena usiku tu.

Kilichonichoma hasa ni kinyozi wa chini. Jengo lilelile, landilodi yuleyule. Yeye hana mkataba wa maandishi, lakini akitakiwa kuondoka, Sura ya 301 inataka apewe notisi ya miezi miwili au zaidi, na asiporidhika ana baraza lake la wapangaji wa biashara. Yaani nywele zangu zikiwa sakafuni kwake zina ulinzi kuliko mimi nikiwa kitandani.

Nimeelekezwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi milioni moja, na wakili si lazima. Sheria yake ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nilipowasilisha tu, landilodi akapiga simu, sauti imejaa asali: “Ndugu yangu, si tuelewane? Chukua nusu.” Nimemwambia aje kortini, na aubebe ule mlango, ni kielelezo.

Nanyi waheshimiwa wabunge, hiyo 2,500 ifuteni. Andikeni kiwango cha nyumba ambayo hata dereva wenu anaweza kuipata.