Kanga za Shangazi Zaingia Kwenye Kompyuta

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Hayo matatu kila mwenye macho anayaona. Lipo la nne ambalo kiwanda hakilichapi: nani kamnunulia nani, na kisa kilikuwa nini. Hilo la nne ndilo lenye utamu, na ndilo lililotaka kututenganisha ndugu kwa ndugu pale tulipoamua kuziingiza kanga za Shangazi kwenye kanzidata.

Tovuti ni yangu. Humo naweka picha na porojo ambazo magazeti yamezikataa. Kanga ni za Shangazi, anayeishi Tanga na masanduku yake, na nyingine bado ni doti nzima, hazijakatwa wala kuguswa na maji. Nilichotaka ni kidogo tu: msomaji aandike neno kwenye kisanduku cha kutafutia, kanga yenye neno hilo ijitokeze na picha yake. Mpwa wangu, anayesomea kompyuta chuoni, akaniambia, "Mjomba, hiyo kazi ya jioni moja." Jioni za vijana wa kompyuta zina wiki kadhaa ndani yake.

Alichagua SQLite, programu iliyoanzishwa na Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000. Ni ya bure, haidai seva ya peke yake, kanzidata nzima hukaa ndani ya faili moja, na tayari imo ndani ya kila simu ya Android. Shangazi aliposikia hilo la mwisho aliichukua simu yake akaigeuzageuza. "Imeingia lini? Na nani kairuhusu?" Tangu hapo, akitaka kusema la siri, huifunika simu kwa mto kwanza.

Kazi ya kunakili majina ilianza kwa amani. Shangazi anakunjua, mimi napiga picha, mpwa anaandika. Kasheshe ilikuja na zile zenye alama ya "Mali ya Abdulla", ambayo ni ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887. Mpwa, mtoto wa kizazi cha vijora, alisoma "Mali ya Abdulla" na kwa uaminifu mkubwa akajaza safu ya mmiliki: Abdulla. Shangazi aliposomewa orodha alikuta nusu ya sanduku lake imehamia kwa mwanamume.

"Abdulla gani? Mimi nimeolewa na mume mmoja, na hakuitwa Abdulla!"

Mpwa akajitetea kwamba kompyuta inaandika inachoambiwa.

"Basi iambie ikome."

Halafu kuna makosa ya kiwandani. Kanga zetu zimewahi kuchapwa India, Japani na Ulaya, na aliyepanga herufi huko si lazima awe anaelewa anachokipanga. Shangazi anayo moja imeandikwa HASIDI HANA SABABBU, na b mbili. Mpwa alitaka kuisahihisha, akakatazwa. "Nguo imesema hivyo, iandike hivyohivyo." Basi ukiandika "sababu" kama ulivyofundishwa shuleni, kanga hiyo huipati, ukikosea, inakuja mbio.

Siku ya kujaribu, kisanduku alikizindua Shangazi mwenyewe. Kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akaandika "ng'ombe", akiitafuta ile ya "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini". Ukurasa ukawa mweupe, na juu yake Kiingereza kikali kikilalamikia ritifaa. Kumbe katika lugha ya kanzidata, kile kialama kilichopo kwenye ng' ndicho kinachofungua na kufunga maneno. Mashine ilisoma "ng", ikajua maneno yameisha, ikakutana na "ombe" ikadhani ni amri, na amri ya namna hiyo haipo. Wadukuzi nao huvamia tovuti kwa mlango huohuo: wanatanguliza ritifaa, amri zao zinafuata nyuma. Mpwa alimtazama Shangazi kwa heshima mpya. "Bibi, umeidukua!"

Dawa yake inajulikana: neno la mtafutaji hupelekwa peke yake, lisichanganywe na amri. Mpwa akaitia. Kwenye kompyuta ng'ombe akapatikana. Kwenye simu akagoma, kwa sababu simu ya Shangazi huandika ritifaa iliyopinda, na kwa mashine iliyopinda na iliyonyooka hazijuani. Ikabidi zote zinyooshwe kabla ya kuingia.

Tukadhani tumemaliza, kumbe ngeli zilikuwa zinatusubiri. SQLite ina namna ya kupunguza maneno yanayofanana ili yakutane kwenye mzizi mmoja, nayo hufuata kanuni alizochapisha Martin Porter mwaka 1980. Porter alizitunga kwa ajili ya Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika mkiani, kwa hiyo kanuni zake zinakata mikia. Kiswahili hubadilikia kichwani. Tulipoijaribu, "kikombe" ikakatwa ikabaki "kikomb", na "vikombe" ikabaki "vikomb". Imekata pasipo na ugonjwa, penye ugonjwa imepaacha, na kikombe na vikombe wakaendelea kupishana bila salamu.

Mpwa akaleta njia nyingine: kila neno livunjwe vipande vya herufi tatutatu, ili mwenye kuandika "penzi" ampate mpenzi, wapenzi na mapenzi kwa mkupuo. Hiyo ilitufurahisha, mpaka Shangazi alipoitaka "Nazi mbovu harabu ya nzima". Akaandika "nazi". Kanga ikaja, ila ilikuja na msafara: kila aliyewahi kutamba kwamba nazidi kupendwa, nazidi kupendeza, nazidi kunawiri, alikuwemo. Na kwenye kanga watu wanaozidi ni wengi. Shangazi akateremka nao mmoja mmoja hadi chini kabisa, alikokuwa amekaliwa nazi wake mbovu. "Hawa wote nawajua," akasema.

Lakini mtihani mkubwa walikuwa watafutaji wenyewe. Habari zilifika ukoo mzima, na hakuna hata mmoja aliyetafuta kwa jina la kanga. Nilipofungua orodha ya maneno yaliyoandikwa kwenye kisanduku nilikuta: "ile ya kijani yenye korosho". "Tulizovaa sare siku ya harusi". "Ya marehemu bibi yenye maandishi ya Kiarabu". Na chini yake: "ile aliyonunuliwa yule kwa sababu ya yale". Mashine ilijibu kwamba hakuna kitu. Nikamsomea Shangazi, akajibu hata kabla sijamaliza: "Ipo, sanduku la bluu, upande wa chini."

Mpwa akasema ni suala la kuongeza safu. Tangu mwaka 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM, alipopendekeza taarifa zipangwe kwenye majedwali ya mistari na safu, mabenki na maofisi ya dunia yanaishi humo. Kanga za Tanga zitashindwa vipi? Tukaongeza rangi, mji, pindo, sherehe, mnunuzi, mpokeaji, na mwisho kabisa, kisa. Shangazi akawekewa kiti, akaletewa chai ya tangawizi, akaanza kutujazia safu kwa mdomo. Mwaka, duka, bei, nani alikuwepo, nani alijifanya hakuwepo. Mpwa alikuwa anaandika huku amesahau kufunga kinywa.

Baada ya hapo kisanduku kikafanya kazi, na shida ni kwamba kilifanya kazi barabara. Mtu wa kwanza kuandika neno "wifi" alikuwa wifi mwenyewe, yaani mama yangu mzazi. Ikamtokea HASIDI HANA SABABBU, ambayo aliivaa miaka kisha akamrudishia Shangazi amtunzie, sasa ikiwa na picha, mnunuzi, mpokeaji, na kisa chake kimenyooka: "Alisema pilau yangu imekuwa bokoboko."

Nikajiandaa kwa msiba. Mama akapiga simu, sauti yake shwari kabisa.

"Mwanangu, taarifa zenu hazijakamilika. Ile niliyomjibu mbona haimo?"

Akanitajia jina lake, rangi yake, na mwezi alioinunua. Nilikwenda kuitafuta, nikaikuta. Ilikuwemo tangu siku ya kwanza, kwenye safu ya sherehe imeandikwa "zawadi ya Idi, kutoka kwa wifi yangu kipenzi". Shangazi alikuwa ameivalia misiba na harusi za miaka nenda miaka rudi, anajipitisha nayo mbele ya mama, na mama anamsifia imemkaa vizuri.

Kabla ya magharibi kila mtu alikuwa anatafuta jina lake. Mashemeji waliandika, mawifi waliandika, jirani mmoja akapiga simu kuuliza kama "jirani" aliyetajwa ni yeye au ni wa nyumba ya pili. Shangazi akatuita.

"Futa."

"Tufute kanga, Bibi?"

"Kanga ziache. Futa mpokeaji, futa na kisa." Kisha akatufundisha kwa upole, kama watoto waliochelewa kujua. "Kanga hainunuliwi ili imtaje mtu. Unaivaa, unapita. Mwenye kuchomeka atachomeka. Akija juu, unamuuliza: hii nguo imejaa madukani, kila mtu anayo, mbona umejiona wewe tu? Sasa nyinyi mmemwandikia jibu."

Mpwa akaona hapa pana la kusema. Akaeleza kwamba safu ikiachwa tupu, kwenye kanzidata ina tabia yake. Huo utupu si sifuri wala si neno. Haulingani na kitu chochote, hata na utupu mwenzake. Ukiiuliza mashine kama hizo tupu mbili ni sawa, haisemi ndiyo, haisemi hapana. Inasema haijulikani.

Shangazi akakitua kikombe cha chai. "Kumbe mlikuwa na kitu cha maana muda wote huo, mkanificha?"

Akaagiza visa vyote viachwe tupu, jioni ileile. Kile cha pilau tu ndicho alichotaka kibaki kwanza, mpaka atakapotoka dukani.