Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Lengo Likisema "Aandike", Mtihani Nao Useme "Andika"

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote na unyenyekevu mkubwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Natambua wingi wa majukumu yako, na ninakuomba radhi mapema kwa dakika chache ninazokuchukulia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, huu ni mwaka wangu wa 22 kazini, na sijapata kumwandikia kiongozi wa ngazi yako. Nisingethubutu kama jambo hili lingekuwa langu peke yangu.

Naomba nianze na kosa nililolifanya mwenyewe. Kwenye andalio la somo niliandika kwamba ifikapo mwisho wa vipindi vinne kila mwanafunzi wa darasa la sita aweze kuandika barua rasmi. Mthibiti ubora akilisoma lengo hilo hana la kurekebisha: mtendaji yupo, tendo linaonekana, muda umetajwa. Mwisho wa mwezi nikatunga jaribio la maswali 20, yote ya kuchagua. Anwani ya mwandishi hukaa upande gani? Kichwa cha barua hutangulia nini? Binti mmoja akapata 18, nami nikamwandikia "Vizuri sana" kwa wino mwekundu.

Wiki mbili baadaye alikuja ofisini na bibi yake. Bibi hajui kuandika. Mbuzi wa jirani walikuwa wameingia shambani kwake mara mbili wakala mahindi, naye alitaka malalamiko yake yamfikie mwenyekiti wa kitongoji kwa maandishi. Mjukuu alikuwa amejaribu. Alinipa karatasi ya daftari: anwani kulia, tarehe chini yake, anwani ya mwenyekiti kushoto, "Ndugu Mwenyekiti", halafu "YAH: MBUZI", imepigiwa mstari kwa rula. Chini ya hapo hapakuwa na neno hata moja. Palikuwa na alama za ufutio tu, amefuta na kufuta hadi karatasi ikatoboka. Bibi akaniambia kwa upole, "Mwalimu, anasema barua anaijua, ila hajui aandike nini."

Mheshimiwa, usiku ule nililiweka andalio langu kando ya jaribio langu nikayasoma kwa pamoja. Lengo lilisema kuandika. Maswali yote 20 yalisema kutambua. Zile 18 za binti yule zilikuwa halali kabisa, lakini zilikuwa alama za kitu kingine, nami nilizituma nyumbani kwao kama ushahidi kwamba anajua kuandika barua.

Naamini unalifahamu hili kuliko mimi. Tulifundishwa chuoni kwamba Ralph Tyler, mwaka 1949, aliwataka walimu waanze na lengo na wamalizie kwa kupima kama limefikiwa, na kwamba Benjamin Bloom na wenzake, mwaka 1956, walizipanga ngazi za kufikiri kuanzia kukumbuka hadi kutathmini. Hapa kwetu Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alishaonya kwamba mitihani ilikuwa inapima uwezo wa kujifunza mambo na kuyatoa yanapoulizwa ndani ya muda uliowekwa. Mtaala wa sekondari ukageuzwa kuwa wa umahiri mwaka 2005. Kwa hiyo nia ipo, na ni ya siku nyingi. Penye upungufu ni pale kitenzi cha lengo kinapopotelea njiani kabla ya kufika kwenye karatasi ya swali.

Sina ugomvi na maswali ya kuchagua, naomba nieleweke. Lengo likiwa mtoto atambue nomino kwenye sentensi, swali la kuchagua linatosha na ni la haki. Tena darasa langu lina watoto 94. Nilipowapa wote waandike barua na kuzisahihisha, nilimaliza jioni ya nne, macho yananiuma. Mwalimu anayekimbilia herufi A hadi E simlaumu. Lakini anakimbilia huko pia kwa sababu anautazama mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekuwa ya mtoto kuweka kivuli kwenye herufi. Mwalimu mkuu anapimwa kwa matokeo hayo. Wazazi wanayasubiri. Lengo zuri la andalio haliwezi kushindana na hayo.

Kuna na kinyume chake, nacho kinaumiza watoto vilevile: tunawakaririsha orodha ya sababu tano, halafu kwenye mtihani tunawaambia "jadili", neno ambalo hatukuwahi kulifanyia mazoezi darasani.

Ninaandika sasa kwa sababu ya mwaka 2027. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 ndipo watakapofika darasa la sita, ambalo kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ndilo la mwisho katika elimu ya msingi. Kwa idhini yako, Mheshimiwa, ninaomba mawili tu. La kwanza, watoto hao wapimwe Kiswahili kwa kuandika kitu kizima, hata kama ni aya mbili, na alama zake ziwe nzito kiasi cha kumfanya mwalimu alifundishe jambo hilo. La pili, jedwali la utahini limfikie kila mwalimu wa darasa pamoja na muhtasari wa somo, mapema, ili ajue kila umahiri utapimwa kwa tendo gani na kwa uzito gani, nasi tuelekezwe ni umahiri upi wa kila muhula ambao lazima upimwe kwa vitendo. Kupima kila kitu kwa vitendo kwenye madarasa yetu hakuwezekani, na sitaki kukupotezea muda kwa kuomba lisilowezekana.

Binti yule nilikaa naye mchana mmoja. Nilimuuliza mbuzi walikula nini, lini, na bibi anataka mwenyekiti afanye nini, kisha nikamwambia ayaandike majibu yake kwa mpangilio huohuo. Barua ilikuwa na sentensi sita. Mwenyekiti alifika shambani Jumamosi.

Kwa ruhusa ya bibi yake, nimeambatisha nakala ya barua hiyo pamoja na jaribio langu la maswali 20. Nitashukuru sana ukipata nafasi ya kuvitazama vyote viwili.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa Kiswahili, darasa la sita