Wiki ya Amplifaya

Jumatatu
Jirani yangu Baba Zuwena amenipa redio yake kubwa iliyokufa. Nilichokuwa nakitamani humo ni transfoma: 24-0-24, nzito, haina hata kutu. Amenipa bure, kwa sharti kwamba amplifaya ninayoiunda ikikamilika nisimsahau. Nikaahidi. Mikono yote miwili ilikuwa imeshaikumbatia, sikuwa na wa kujadiliana nao.

Jumanne
Kariakoo, foleni dirishani kwa muuza spea. Wote walionitangulia walikuwa "wanauliza tu". Mimi nilitaka IC moja ya amplifaya, TDA7294, na kapasita mbili za mikrofaradi 10,000, volti 50. Kijana akaleta za volti 25. Nikamweleza kwa upole kwamba volti 24 za transfoma zikishapita kwenye dayodi na kapasita hufika 33 hivi kila upande, na kapasita ya 25 ikipewa 33 hupasuka. Akanijibu, "Bosi, kapasita ni kapasita." Nyuma yangu watu wakaanza kuguna. Walikuwa upande wake.

Jumatano
Mgongo wa TDA7294 umeungwa ndani kwa ndani na upande hasi wa umeme, hivyo haukai kwenye bati la kupozea bila maika katikati. Maika niliyonunua, mwanangu kaenda nayo shule kuwaonyesha wenzake, kwa kuwa inang'aa. Nikafungua pasi mbovu ya kabatini, nikachuna kipande palipozungushiwa waya. Mama watoto akasema pasi ile ilikuwa inamsubiri fundi. Inamsubiri tangu tulipohamia nyumba hii. Leo imepata wakili.

Alhamisi
Amplifaya mpya haichomekwi ukutani hivi hivi. Kwanza inaungwa mfululizo na balbu ya zamani, ile yenye waya ndani: kukiwa na shoti, balbu huwaka kwa nguvu na vifaa vinasalimika. Madukani zimejaa LED, ambazo kazi hiyo haziwezi. Muuzaji mmoja aliniuliza natokea mkoa gani. Hatimaye nikaipata kwa mama mfuga kuku, ikiwapasha joto vifaranga. Kaniazima mpaka magharibi. Vifaranga hawakushirikishwa.

Uzinduzi ukafanyika saa tisa alasiri. Balbu ikamulika, ikafifia, ikazimika kabisa. Nikakaa kuifurahia dalili hiyo njema. Ndipo nikatambua kuwa friji nayo imenyamaza. Umeme ulikatika mtaa mzima, ukarudi magharibi, muda wa vifaranga.

Ijumaa
Balbu nimeazimwa tena, safari hii kwa trei ya mayai niliyotakiwa kuinunua. Ikamulika, ikafifia, ikabaki na wekundu kidogo, kama inavyotakiwa. Spika ikatoa muungurumo mzito usiokoma, kabla hata sijaweka muziki. Nikaisogeza transfoma mbali na waya za kuingizia sauti, nikakusanya waya zote za ardhi kwenye nukta moja. Muungurumo ukapungua kwa awamu, kama mgeni anayeaga. Baba Zuwena, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alisikitika. Alidhani ni bezi.

Jumamosi
Inapiga. Sauti safi, bati la kupozea lina joto la kawaida tu. Nilisikiliza nusu ya wimbo. Baba Zuwena akaingia na vijana wawili na mkokoteni, akanikumbusha ahadi: jioni ni kicheni pati ya Zuwena. Nikasema kifaa hiki kinahitaji uangalizi wa fundi wake. Akasema shughuli ni ya wanawake watupu. Mfuniko bado ulikuwa hauna skrubu, wakaufunga kwa kanga.

Jumapili
Usiku wa kuamkia leo nilisikia kila kitu: nasaha za kungwi, orodha ya zawadi, MC akijaribu kipaza sauti. Wati zote zilifika salama. Saa sita Baba Zuwena alibisha hodi, mto wake kwapani, akiuliza kama nina namna ya kuipunguza. Kitufe cha sauti kiko kwake.